Kufufua Land Rover ya babu na binti yangu, kazi yake usiiguse

Mkuu umeuliza kama kijana wako wa miaka 14 anaweza kukusaidia kufufua hiyo Land Rover ya marehemu mzee au ataishia kukuharibia spea tu. Mi nimefanya hiyo kitu na binti yangu hapa Moshi, tulianza yuko form one sasa yuko form three, kwahiyo nakujibu kwa niliyoyaona mwenyewe.

Yetu ni Series III 109 (ile ndefu) ya petroli, injini ya lita 2.25, ilikuwa ya baba yangu. Ilikaa kihambani (shamba la ukoo) Kibosho miaka na miaka chini ya migomba, kuku wanatagia siti ya nyuma, mi nilishakata tamaa nayo kabisa. Oktoba 2024 tukaenda Arusha kwenye lile tamasha la Land Rover, binti akaizunguka moja ya zamani mara mbili alafu akaniuliza, "Baba, hii si kama ya babu?" Krismasi hiyo hiyo tukaivuta tukaishusha nyumbani.

Cha kwanza kabisa, kabla hujanunua hata plagi, angalia chesesi, ile fremu ya chini inayobeba gari lote. Watu wanasema Land Rover haipati kutu, aisee bodi ndo aluminiamu, chesesi ni chuma, na unyevu wa huku juu unaujua. Pita chini na nyundo ndogo ugonge urefu wote, hasa ile mbavu ya nyuma kabisa, ikilia kavu endelea, ikilia kama unagonga boksi la karatasi hapo ni kukata na kuchomelea. Hiyo kazi mpe mtoto. Wangu alizungushia chaki kila palipolia vibaya, fundi wa kuchomelea alivyokuja hakuuliza kitu, alifuata chaki tu.

Spana pia, usiende na za milimita ukategemea zitakaa, bolti nyingi za hizi gari ni za inchi, ukilazimisha unakula kichwa cha bolti na ndo umejitafutia kazi ya siku nzima. Binti alikuwa analia na hesabu za sehemu (nusu, robo na kadhalika) shuleni lakini mwezi haukuisha alikuwa ananiambia "hiyo nusu haitoshi baba, nipe 9/16" bila hata kuangalia spana. Nilifurahi mpaka nikampigia mama yake kumwambia.

Usalama usifanye mzaha. Gari likiwa juu ya jeki peke yake haingii mtu chini, weka stendi au magogo ya maana. Vumbi la breki za zamani msilipulize maana zile bitana za kale zilikuwa na asbestosi, lowesha kwanza ndo mfute. Na vyuma osheni na dizeli, petroli hapana.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe ambalo ndo limenifanya niandike kirefu. Injini ilivyokuwa tayari nilimpa kazi ya kupanga waya za plagi kwenye distribyuta, ile inayogawa umeme kwa plagi, mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2, yaani silinda ya 1 inawaka kwanza, alafu ya 3, ya 4, ya 2. Alishinda hapo Jumamosi nzima. Usiku mi nikatoka na tochi kuangalia, nikaona amezipanga kinyume na mshale wa saa, nikajua amekosea, nikazibadilisha kimya kimya ili asubuhi asivunjike moyo. Yaani nilikuwa naamini kabisa namsaidia.

Asubuhi tukapiga stata, gari ikapiga mshindo ikatema moto kwenye kabureta. Akainama akaziangalia waya, akaniuliza, "Baba, umegusa?" Nikasema ndiyo. Hakujibu. Akafungua kifuniko cha distribyuta, akamwita mdogo wake akamwambia azungushe injini kwa ile handeli ya mbele, polepole, alafu akanivuta mkono nione. Rota, kile kipande cha ndani kinachopeleka umeme kwa kila waya, ilikuwa inazunguka kinyume na mshale wa saa, na waya zinatakiwa zifuate upande huo huo. Yeye alikuwa ameshaiangalia kabla ya kupanga, mimi sikuangalia, nilidhani tu, waya ya 2 na ya 3 nilikuwa nimezipishanisha mimi. Akazirudisha, gari ikawaka ikatulia, ila yeye akaingia ndani na kwenye gari hakurudi karibu wiki tatu.

Mkuu zile wiki ziliniuma kuliko gharama zote za hiyo gari. Nilimwomba msamaha mbele ya mdogo wake na mama yake, nikamwambia wazi kwamba kosa si waya, kosa ni kugusa kazi ya mtu akiwa amelala. Tangu hapo kazi yake haiguswi kama hayupo, hata nikiona kasoro nasubiri atoke shule nimuulize kwanza kwanini amefanya hivyo, na mara nyingi ana sababu.

Kwahiyo spea atakuharibia ndiyo, wangu alikata bolti moja ya egzosi tukahangaika nayo siku mbili, hiyo inanunulika. Mpe kijana kazi ambayo asipoifanya gari haiwaki, sio kushika tochi na kupokea spana, hayo atachoka nayo wiki ya pili.

Yetu bado inavuja oili kwenye gia boksi. Barabarani naendesha mimi maana hajafika 18, kihambani kwa bibi yake anaisogeza mwenyewe. Ukikwama na wayaringi niulize, binti alichora rangi za waya zote kwenye daftari, nitamwomba nikupigie picha.