Je, mfupa uliodhoofika ukivunjika utaunga?

SWALI: Mama yangu, mwenye umri wa miaka 71, ana osteoporosisi (ugonjwa wa mifupa kudhoofika) na amevunjika nyonga. Je, mfupa wake utaunga, na aache dawa za mifupa kwa sasa?

JIBU: Mpe mama pole. Mfupa wenye osteoporosisi huunga kwa hatua zilezile za mfupa mwingine wowote: damu huganda palipovunjika, tishu laini hujijenga, kisha hugeuka kuwa mfupa, ingawa kwa mzee kazi hiyo yaweza kwenda polepole zaidi. Ugumu mkubwa, kwa maoni yangu, ni ule wa daktari wa upasuaji, kwa sababu skrubu hazishiki imara katika mfupa uliojaa vitundu na huweza kulegea kabla haujaunga. Ndiyo maana mara nyingi wazee waliovunjika nyonga huwekewa nyonga bandia.

Dawa za mifupa za kundi la bisfosfoneti, zinazopunguza kumomonyoka kwa mfupa, hazijaonekana kuchelewesha kuunga kwa kiasi cha kutia hofu, hivyo asiziache bila ushauri wa daktari wake, hasa kwa kuwa hatari ya kuvunjika tena huwa kubwa zaidi katika miaka 2 ya mwanzo. Nakusihi pia asilazwe kitandani muda mrefu. Asimame mapema, kadiri daktari atakavyoruhusu.