Usimpe mpiganaji deraya ya sarafu 1,500 siku ya kwanza

Wiki hii msomaji ameniandikia. Anaanzisha kundi la Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambamo kila mchezaji huigiza mhusika mmoja na msimulizi huongoza kisa na maadui, na rafiki yake anataka mpiganaji wake aanze na deraya kamili ya mabamba kwa sababu mhusika huyo "ametoka ukoo wa kitajiri". Ampe? Ndugu yangu, usimpe. Nina sababu, na nina kidonda.

Meza yangu ya kwanza ilitumia toleo la tano, kitabu cha 2014, na msimulizi wetu alitaka fedha za kuanzia zipatikane kwa dadu. Mpiganaji hurusha dadu tano za pande nne, jumla ikazidishwa kwa kumi. Nikapata sarafu 70. Deraya ya minyororo bei yake 75! Mwenzangu, mpiganaji kama mimi, akapata 180: akachukua deraya hiyo, ngao, upanga, dawa ya kuponya, na chenji ikabaki. Niliomba niongezewe sarafu tano tu. Msimulizi akajibu kwamba hiyo ndiyo bahati yangu. Hadi leo jibu lile linaniuma.

Tofauti ya namba ilivumilika. Kwa deraya duni ya 30 na ngao ya 10 nilifika kinga ya 16 (namba ambayo adui lazima aifikie kwa dadu ili akupige), mwenzangu 18. Goblini, adui mdogo anayeongeza 4 kwenye dadu yake ya pande ishirini, alikuwa na nafasi 45 katika 100 ya kunipiga mimi, na 35 ya kumpiga mwenzangu. Kilichonivunja moyo ni kwamba kila nilichokuwa nacho, naye alikuwa nacho, tena bora. Hapakuwa na jambo hata moja ambalo kundi lilinihitaji mimi.

Sasa mtazame rafiki yako. Deraya ya mabamba ni sarafu 1,500. Inampa kinga ya 18, na akishika ngao, 20. Goblini anabaki na nafasi 25 katika 100. Utachoka kumwona hajeruhiwi, utaleta zimwi, adui mwenye nguvu zaidi. Rungu la zimwi huumiza kwa wastani wa 13, na mchawi wa ngazi ya kwanza ana uhai wa 8 hivi. Ataanguka kwa pigo moja, kwa sababu ya deraya ya mtu mwingine.

Utajiri wa ukoo una njia yake. Kitabu chenyewe cha 2014 humpa mhusika kabaila pete ya muhuri, hati ya nasaba, nguo nzuri na sarafu 25. Zinatosha kabisa.

Mezani kwangu dadu za fedha nilizifuta. Kila mtu huchukua vifaa vya aina yake ya mhusika, kisha namwongezea kitu kimoja ambacho mwingine hana: ramani, chupa ya asidi, barua ya mkuu wa mji. Wachezaji wangu hawakimbii, na ninajivunia hilo. Wewe msimulizi umekabidhiwa jioni za watu, usiziachie dadu. Kabla ya kikao cha kwanza, kila mmoja asome vifaa vyake kwa sauti. Ukisikia wawili wametaja orodha moja, rekebisha papo hapo.