Filoksera haikuwafilisi akina Cloete wa Groot Constantia

Aliyeuliza kama filoksera, mdudu anayeshambulia mizabibu, ndiyo iliyowafilisi akina Cloete, wamiliki wa shamba la mvinyo la Groot Constantia, Cape Town: tarehe zinakataa. Serikali ya koloni la Cape ililinunua shamba 1885. Mdudu huyo akagunduliwa Cape mwaka uliofuata.

Simon van der Stel, mtawala wa Cape, alipewa ardhi 1685. Alipofariki 1712 ikagawanywa na kuuzwa. Wamiliki waliofuata waruke, uende moja kwa moja kwa Hendrik Cloete, aliyenunua 1778 na kuurudishia sifa mvinyo mtamu wa hapo. Zabibu za Muscat ziliachwa kwenye mzabibu mpaka zinyauke nusu: maji yanapungua, sukari inabaki. Ubaya wake ni kwamba ukikamua unapata kidogo, na kuchambua vichala kunataka mikono mingi. Hapo mikono ilikuwa ya watumwa, hadi utumwa ulipokoma 1838.

Kilichowaangusha kilianza mwishoni mwa miaka ya 1850: ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu (jamaa wa ule wa mikorosho, na dawa ni ileile, salfa ya unga). Halafu 1861 Uingereza ikafuta nafuu ya ushuru iliyobaki kwa mvinyo wa Cape, mvinyo wa Ufaransa ukashuka bei London. Hilo la ushuru ndilo naliona zito zaidi.

Filoksera ilimkuta mmiliki mpya. Kwa kuwa hushambulia mizizi, kupuliza majani hakusaidii, hivyo serikali ikaligeuza shamba kuwa la majaribio, ikibebesha mizabibu kwenye vishina vya Kimarekani, ambavyo mizizi yake humstahimili mdudu huyo. Nyumba kuu iliungua 1925, ikajengwa upya. Tangu 1993 shamba liko chini ya bodi ya wadhamini.