Pensheni ya Uingereza ukiwa umeshaondoka: barua za wasomaji

Tangu serikali ya Uingereza itangaze, kwenye bajeti ya Novemba 2025, kwamba inabana nafasi ya wanaoishi nje kuchangia pensheni ya serikali kwa hiari, barua zimenimiminikia. Nyingi zinauliza jambo lilelile kwa maneno tofauti, kwa hiyo nimechagua chache. Viwango ninavyotaja ni vya mwaka wa kodi wa 2026/27 nisiposema vingine, na ninaposema michango nina maana ya Bima ya Taifa, ile NI uliyokuwa ukikatwa kwenye mshahara.

Nilifanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee kule Leeds tangu Aprili 2016 hadi Aprili 2022, nikarudi nyumbani, na sasa nimeajiriwa hospitalini. Nimeambiwa miaka 6 haina pensheni hata senti. Jasho langu limepotea? – Muuguzi, Mwanza

Halijapotea, dada, lakini ukinyamaza litapotea kweli. Aliyekuambia hivyo amesema nusu ya ukweli. Kwa mfumo ulioanza tarehe 6 Aprili 2016, pensheni kamili inahitaji miaka 35 ya michango, na mwenye chini ya miaka 10 hapati kitu. Hapati kidogo, hapati kabisa. Ndiyo maana barua kama yako ndizo ninazozijibu kwanza: mtu mwenye miaka 6, 7 au 9 ndiye ambaye mchango wa hiari unamfaa kuliko mtu mwingine yeyote.

Tuhesabu. Pensheni kamili ni pauni 241.30 kwa wiki. Kila mwaka wa mchango una thamani ya sehemu moja ya 35, yaani pauni 6.89 kwa wiki. Wewe una miaka 6 na unahitaji 4. Kwa kawaida unaruhusiwa kurudi nyuma miaka 6 ya kodi kuziba mapengo, yaani miaka isiyo na mchango, na mapengo yako yanaanzia 2022/23 hadi 2025/26. Ni manne hasa, kana kwamba yamepimwa kwa rula. Ukiyaziba, unavuka kutoka sifuri hadi pauni 68.94 kwa wiki, karibu pauni 3,585 kwa mwaka, maisha yako yote, kwa viwango vya leo.

Gharama inategemea daraja, yaani aina ya mchango, utakalopewa. Daraja la 3, ambalo ndilo ghali, litakugharimu karibu pauni 3,750 kwa miaka hiyo minne, na zitarudi ndani ya mwaka mmoja na wiki chache za kupokea pensheni. Lakini wewe ulikuwa kazini Uingereza hadi ulipoondoka, uliishi kule zaidi ya miaka 3 mfululizo, na huku nako uko kazini. Hizo ndizo sifa za Daraja la 2 kwa miaka iliyoishia 5 Aprili 2026, na Daraja la 2 kwa mwaka 2025/26 lilikuwa pauni 3.50 tu kwa wiki. Miaka yote minne haifiki pauni 800. Soma tena: chini ya pauni 800 kununua pensheni ya zaidi ya pauni 3,500 kila mwaka. Sijui biashara nyingine halali yenye faida ya namna hiyo.

Jaza fomu CF83, ya kuomba kuchangia ukiwa nje, uipeleke HMRC, ambayo ndiyo mamlaka ya kodi ya Uingereza. Eleza wazi kazi uliyokuwa ukifanya kabla tu ya kuondoka na unayofanya sasa, tarehe kwa tarehe. Usitume pesa mpaka wakuandikie daraja gani, miaka ipi na kiasi gani. Wakikupa Daraja la 3 bila kueleza sababu, waandikie uwaulize.

Nina miaka 12 ya michango. Niliondoka 2021, najitegemea kwa biashara yangu, na nimekuwa nikilipa Daraja la 2 kila mwaka. Sasa nasikia limefutwa. Niendelee na lile ghali au niache? Nina miaka 41. – Mfanyabiashara, Nairobi

Ni kweli. Kwa vipindi vya kuishi nje kuanzia 6 Aprili 2026, Daraja la 2 halipo tena. Limebaki la 3, pauni 18.40 kwa wiki, sawa na pauni 956.80 kwa mwaka. Pia sharti la kuingia limepanda: zamani ilitosha kuwa umeishi Uingereza miaka 3 mfululizo au umechangia miaka 3; sasa ni 10. Wewe kaka una 12, kwa hiyo mlango uko wazi.

Kuendelea au kuacha? Mwaka mmoja wa Daraja la 3 unakuongezea kama pauni 358 kwa mwaka ukistaafu, hivyo unarudisha gharama kwa takriban miaka miwili na miezi 8. Hesabu si mbaya. Ila umri wako unabadilisha picha. Kwa sheria ilivyo sasa, aliyezaliwa baada ya 5 Aprili 1978 ataanza kupokea akiwa na miaka 68. Una miaka 27 mbele yako, na ndani ya miaka 27 sheria hii inaweza kupinduliwa mara kadhaa, kama ilivyopinduliwa juzi. Ningekuwa wewe, ningehakikisha kwanza kwamba kila mwaka hadi 2025/26 umelipwa kwa bei ya Daraja la 2, kisha nisingekimbilia la 3. Mwaka 2026/27 unaweza kulipiwa hadi 5 Aprili 2033. Ukichelewa sana kiwango hupanda, lakini umeshavuka miaka 10, na hilo ndilo lililokuwa la kuogopa.

Nitajuaje mapengo yangu? Mume wangu anasema tulipe tu miaka yote. – Mama wa watoto wawili, Mombasa

Mwambie baba watoto asubiri. Mali bila daftari huisha bila habari, na daftari lenu lipo: rekodi ya Bima ya Taifa na makadirio ya pensheni, vyote kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza. Walioshindwa kuthibitisha utambulisho wao mtandaoni (na wengi wetu tulio nje tunakwama hapo) wanaweza kuomba kwa simu au barua.

Angalia mambo matatu kabla ya kutoa hata pauni. La kwanza, miaka nusunusu. Mwaka ulioondoka huenda ulichangia miezi 7, na kuujaza ni rahisi kuliko kununua mwaka mzima. La pili, watoto. Kama ulikuwa ukipokea posho ya mtoto ukiwa kule, miaka hiyo yaweza kuwa imehesabiwa bila wewe kulipa, mradi mtoto hajafika miaka 12. La tatu linawahusu walioajiriwa serikalini au NHS, huduma ya afya ya taifa ya Uingereza, kabla ya Aprili 2016. Wengi wao walikatwa NI pungufu kwa sababu mfuko wa pensheni wa kazini ulibeba sehemu ya mzigo, na wanaweza kuhitaji zaidi ya miaka 35 kufikia kiwango kamili. Hesabu ya sehemu moja ya 35 niliyompa dada wa Mwanza haiwaingii moja kwa moja kwa miaka ile ya zamani.

Na kuna wanaokuta wameshafikia kiwango cha juu. Hao wakiongeza, HMRC itapokea pesa na pensheni haitasogea.

Mzee wangu anapokea pensheni ya Uingereza hapa Kenya, na kiasi hakijaongezeka hata mara moja. Kuna mtu anamwibia? – Binti yake

Hakuna mwizi. Ni sheria, ingawa naelewa kwa nini inafanana na wizi. Ukipokea pensheni hiyo ukiishi Uingereza, nchi za Umoja wa Ulaya, Uswisi au nchi zenye makubaliano maalumu kama Marekani, Jamaika na Ufilipino, inapanda kila Aprili. Ukiwa kwingineko inagandishwa pale ilipoanzia. Afrika nzima, inayofaidika na nyongeza hizo ni Mauritius. Kenya, Tanzania na Uganda hazimo. Hata Kanada na Australia hazimo, kwa hiyo msidhani ni sisi tu tulioonewa.

Aliyeanza kupokea pensheni kamili akiwa Nairobi mwaka 2016 alianza na pauni 155.65 kwa wiki. Leo bado ni pauni 155.65. Aliyestaafu siku ileile akabaki Birmingham anapata 241.30. Wastaafu walilipeleka suala hili hadi Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, na mwaka 2010 walishindwa kwa kura 11 dhidi ya 6.

Mzee akihamia Uingereza moja kwa moja, kiwango kinapandishwa kufikia cha wakati huo. Akienda kutembea tu, anaweza kuomba kiwango kipya kwa muda atakaokuwa kule, kisha kinarudi chini akirejea.

Wanaofikiria kuchangia walitie hili kwenye hesabu, lakini lisiwatishe kupita kiasi. Barafu inaanza siku unapoanza kupokea, si siku uliyolipa mchango. Dada wa Mwanza akifika umri wa pensheni atapewa sehemu 10 kati ya 35 za kiwango cha mwaka huo, chochote kitakachokuwa, na kigandie hapo. Aliyekusudia kuishi miaka 25 ya uzee wake huku asitarajie pauni zile kununua mwishoni kile zilichonunua mwanzoni.

Mimi si raia wa Uingereza na visa yangu ilishaisha. Naruhusiwa kulipa? Nikilipa nitatibiwa NHS?

La kwanza ndiyo: kinachoangaliwa ni rekodi yako ya michango na makazi, si pasipoti. La pili hapana. Matibabu ya NHS yanafuata makazi ya kudumu kule, na mchango wa hiari haukupi visa wala kitanda cha hospitali.

Mume wangu alilipa miaka 5 ya Daraja la 3 mwaka jana. Amefariki akiwa na miaka 61. Nirudishiwe vipi? – Mjane

Pole sana, mama. Naomba radhi kwamba jibu langu halitakupa faraja: michango iliyolipwa kihalali hairudishwi, na mfumo mpya haurithishi pensheni hii kwa mjane, isipokuwa sehemu ndogo kwa baadhi ya waliofunga ndoa kabla ya 6 Aprili 2016. Hiki si kiinua mgongo wala akaunti ya akiba. Waandikie hata hivyo Kituo cha Kimataifa cha Pensheni, ofisi ya serikali ya Uingereza inayoshughulikia wastaafu walio nje, uambatanishe cheti cha kifo na cha ndoa, waangalie kama mume wako alikuwa na haki za kabla ya 2016.

Nawaambia na wengine, kwa kuwa wanaowauzia watu wazo hili hawalisemi: mwenye ugonjwa mzito afikiri mara mbili kabla ya kununua miaka.

Kuna wakala anataka pauni 250 anijazie fomu. Ni haki?

Fomu ni bure na haina ugumu. Mpe wakala pole.

Baba yangu alipata fomu ya kuthibitisha kwamba yu hai, akaiweka kabatini. Sasa pensheni imesimama.

Mimi nami niliwahi kukaa miezi minne na bahasha ya HMRC bila kuifungua, nikidhani ni deni, kwa hiyo simcheki mzee. Fomu ile inatumwa mara kwa mara kwa wastaafu walio nje, na isiporudi wanasimamisha malipo wakidhani mhusika amefariki. Aijaze leo, isainiwe na shahidi wa aina waliyoitaja kwenye fomu yenyewe, asiwe ndugu yake, na airudishe kwa njia ya posta yenye namba ya kufuatilia. Wakiridhika wanaendelea kumlipa pamoja na malimbikizo. Kama fomu imepotea, apige simu Kituo cha Kimataifa cha Pensheni watume nyingine, na awape anwani ya posta anayoifungua kweli, si lile sanduku la zamani la ofisi aliyostaafu.