Mlimani na Jukwaani Tunafuata Kitu Kimoja

Watu wakisikia kwamba nateleza kwa ubao kwenye theluji, na wikiendi nyingine napiga gitaa la besi kwenye harusi za Waswahili wa hapa Calgary, Kanada, huona mambo mawili yasiyojuana. Mpwa wangu aliyeko Tanga, ambaye anatengeneza biti kwa laptop ya kuazima, aliniuliza bila kupepesa macho: "Mjomba, hivi huko mlimani unafuata nini? Kifo?" Nilicheka, lakini swali lake lina jibu, na jibu lenyewe linamhusu hata yeye ambaye theluji anaiona kwenye simu tu.

Wengi hujibu upesi: adrenalini, ile homoni ya hofu na msisimko. Mimi hapo sikubaliani nao. Adrenalini inaharibu kazi zote mbili. Mtu akishikwa na hofu juu ya ubao huegemea nyuma. Uzito wote unahamia mguu wa nyuma, ubao unakataa kugeuka, na kuanzia hapo unakwenda unakotaka wenyewe. Mpiga dramu naye akishikwa na hofu hukimbiza mwendo. Wimbo mlioufanyia mazoezi kwa raha zenu unafika kiitikio cha pili umeshakuwa mbio, mwimbaji anatafuta pumzi, na wacheza harusini wanaanza kutazamana. Anayefuata msisimko peke yake huumia mlimani na huboronga jukwaani.

Tunachokifuata ni kuwa ndani ya jambo ambalo ukishaliingia halina kusimama katikati. Mwanasaikolojia Mihaly Csikszentmihalyi aliliona hili zamani. Katika utafiti alioutoa mwaka 1975 aliwahoji wapanda miamba, watunzi wa muziki, wacheza sataranji na wacheza dansi, akakuta wote wanaeleza hali moja: akili imezama yote kwenye kazi, saa haihesabiki, na hakuna nafasi ya kujiuliza watu wanakuonaje. Hali hiyo, alisema, huja pale ugumu wa kazi unapolingana na uwezo wako. Kazi ikiwa nyepesi unachoka nayo, ikikuzidi unaogopa. Ndiyo maana mteremko uliokuliza mwaka jana mwaka huu unakuchosha, na ndiyo maana mpigaji mzuri hawezi kukaa na nyimbo zile zile akaridhika.

Kwa sisi tuliolelewa na muziki wa dansi, mahali pa kulielewa jambo hili ni chemko, pale wimbo unapochangamka. Wimbo umetembea taratibu, mwimbaji amemaliza malalamiko yake, halafu gitaa la solo linaingia na kila kitu kinabadilika. Hapo hakuna kuingia nusu nusu. Mpiga solo akisitasita kidogo tu, besi inabaki imening'inia na ukumbi mzima unajua. Juu ya mlima ni hivyo hivyo. Ukishaugeuza ubao ukatazama chini, kubadili mawazo katikati ni hatari kuliko kwenda. Wanaoumia vibaya kwenye miruko si wenye kasi tu. Wamo wengi waliopunguza mwendo kwa woga hatua chache kabla ya kuruka, wakashindwa kufika mahali pa kutua.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na kwa kweli ndio ninaoutegemea kuliko yote, ni huu: shaka zako zimalize kabla hujaingia. Zipe muda wake na zisikilize zote. Ukiona bado zimebaki, usiingie.

Watazame wanaofanya mambo haya kwa kiwango cha juu kabisa. Kule Verbier, Uswisi, kuna mlima unaitwa Bec des Rosses, mita 3,223, ambako tangu mwaka 1996 hufanyika mashindano ya kushuka upande wake wa miamba. Mwanzoni yalikuwa ya ubao peke yake, wa ski, wanaoteleza kwa mbao mbili, wakaja baadaye. Washindani hawaruhusiwi kuujaribu mteremko kabla ya siku yenyewe. Wanasimama ng'ambo na darubini wakisoma mwamba baada ya mwamba: nitapita kushoto kwa ule mweusi, nitaruka pale penye ulimi wa theluji, nitatokea kwenye ule mfereji. Taabu ni kwamba ukifika juu, sura ya mlima inageuka. Miamba uliyoiona kwa chini huioni tena, unaona ukingo na hewa tu. Ni lazima njia yote iwe kichwani, tena uwe umeigeuza juu chini. Hii ni kazi ya kukariri, kama unavyokariri wimbo wenye mageuzi mengi ambao kiongozi wa bendi hatakupa ishara.

Au mchukue Shaun White, bingwa wa ubao kutoka Marekani. Kabla ya Olimpiki ya 2010 kule Vancouver wadhamini wake, Red Bull, walimjengea mfereji wa theluji wa faragha karibu na Silverton, Colorado, wenye shimo lililojazwa vipande vya sponji mwishoni. Humo alianguka na kuanguka, akijifunza mizunguko ambayo kwenye barafu ngumu ingemvunja shingo. Watu waliiona dhahabu ya Vancouver, sponji hawakuziona. Mpwa wangu, chumba chako cha kulala na ile maiki iliyofungwa soksi ndilo shimo lako la sponji. Humo boronga utakavyo. Rekodi mistari mibaya, jaribu ufunguo usiouwezea, futa, anza tena. Kosa la muziki halivunji mfupa, na sijui kwa nini wasanii wengi wanaishi kana kwamba linavunja.

White mwenyewe, kwa taarifa yako, ni mpiga gitaa. Bendi yake, Bad Things, ilipiga kwenye tamasha la Lollapalooza mjini Chicago mwaka 2013, ikatoa albamu Januari 2014. Mwezi uliofuata akashika nafasi ya nne kwenye Olimpiki ya Sochi, na wapo walioilaumu bendi. Mimi siwaungi mkono. Mwaka 2018, kwenye Olimpiki ya Pyeongchang, alihitaji mteremko wa mwisho usio na dosari, akaupata, alama 97.75, dhahabu yake ya tatu. Mtu aliyezoea kupanda jukwaani ana faida moja kwenye nafasi ya mwisho: anajua kwamba mikono ikishaanza kutetemeka, dawa ni kurudi kwenye hesabu.

Hesabu hiyo ndiyo ninayoitumia mimi, mteleza wa kawaida kabisa. Kabla ya kuushusha ubao natoa pumzi yote nje, halafu nahesabu nne kwa mwendo wa polepole kuliko moyo unavyotaka. Ni hesabu ile ile ninayompa mpiga dramu wetu ukumbi ukiwa umejaa na bibi harusi amechelewa. Mwili umeshawaka, kwa hiyo "polepole" yako itakuwa sawasawa tu. Kisha uzito mbele, mguu wa mbele. Kila kitu mwilini kitakuambia urudi nyuma, na hapo ndipo mazoezi yanapolipa.

Ila msukumo huu una upande wa pili, na sitaupamba. Kevin Pearce alikuwa miongoni mwa vijana wachache wa ubao walioweza kumtisha White kuelekea Vancouver. Tarehe 31 Desemba 2009, mazoezini Park City, Utah, alianguka, akaumia ubongo, na kushindana kwake kukaishia hapo. Alikuwa amevaa helmeti. Mlima haujali kwamba una kipaji wala kwamba umejitayarisha.

Huku kwetu, kwenye hifadhi ya Banff, kituo cha kuteleza cha Sunshine kina eneo linaloitwa Delirium Dive. Unalifikia kwa lango na ngazi za chuma, na huruhusiwi kupita bila mwenzako, bila koleo, bila fimbo ya kutafutia mtu chini ya theluji, na bila kifaa cha kutuma mawimbi ili ukifukiwa upatikane. Dakika kumi za mwanzo ndizo zenye matumaini makubwa, baada ya hapo yanaporomoka. Wageni hulalamika kwamba masharti ni mengi. Mimi nayapenda, kwa sababu yanakulazimisha kuuliza maswali ukiwa bado juu. Na siku ambazo taarifa ya hatari ya maporomoko ya theluji iko juu kwenye kipimo chake cha moja hadi tano, msukumo haupotei. Unakuwasha mchana kutwa. Siku hizo ndizo nafungua kompyuta na kurekodi, na zimenipa besi ambazo sina aibu nazo.

Trevor Andrew wa Kanada alifika mbali zaidi kwa njia hiyo: aliteleza Nagano mwaka 1998, Olimpiki ya kwanza ya mchezo huu, kisha akawa mwanamuziki kwa jina la Trouble Andrew. Hakuhitaji kuwa mtu mwingine.

Nije kwa anayetaka kujaribu vyote viwili, maana barua pepe za namna hiyo zimeshaanza. Ubao na viatu kodisha msimu wa kwanza, usinunue. Lipia mwalimu siku ya kwanza, hata kama rafiki yako anaapa atakufundisha bure. Na kama unapiga gitaa, kinanda, fidla au udi, vaa vikinga vya vifundo vya mikono tangu mteremko wa kwanza. Anayeanza huanguka akikita mikono, na kifundo cha mkono ndicho kinachovunjika mara nyingi kwenye mchezo huu. Ukianguka mbele, kunja ngumi utue kwa mikono ya mbele kuanzia kiwiko. Ukianguka nyuma, kidevu kifuani, utue kwa makalio. Yatauma, lakini makalio hayapigi besi.