Leza ya DCM kwenye gretingi ya fuwele kioevu: anza na pembe

Hapa tunatengeneza leza ndogo: filamu yenye rangi ya DCM, na ndani yake gretingi, yaani mistari myembamba yenye nafasi sawa, inayorekodiwa kwa miale miwili ya leza inayokutana. Kabla ya kugusa chupa yoyote, piga hesabu. Rangi ya DCM hung'aa vizuri karibu na nanomita 605. Kipimo cha upindaji mwanga cha filamu kikiwa 1.53, gretingi ya daraja la 3 inataka nafasi ya nanomita 593 kati ya mistari (3 × 605 ÷ (2 × 1.53)). Ukirekodi kwa leza ya nanomita 532, kila mwale kati ya hiyo miwili uje kwa digrii 26.6 kutoka mstari unaosimama wima juu ya uso wa kioo. Ukikosea digrii 0.1 tu, leza yako itahama karibu nanomita 2, kwa hiyo pima pembe kwa meza ya mzunguko, usikadirie.

Kwa gramu 2 za mchanganyiko: monoma DPHPA (inayogeuka polima) 1.1, NVP (monoma nyepesi ya kimiminika) 0.2, fuwele kioevu E7 0.65, NPG (kisaidizi cha kuanzisha mgando) 0.03, Rose Bengal (rangi inayofyonza mwanga wa kurekodi) 0.01 na DCM 0.01. Yeyusha kwanza Rose Bengal na NPG ndani ya NVP, maana DPHPA inanata kama asali na unga hubaki vidonge. Fanya kazi kwenye taa nyekundu hafifu, vaa glovu, kisha koroga kwenye joto la digrii 60 hadi 65. Jaza seli ya vioo yenye mwanya wa mikromita 6 hadi 10.

Wakati wa kurekodi ndipo kazi nyingi huharibika. Polima huganda kwenye mistari yenye mwanga, na E7 inahitaji muda wa kuhamia kwenye giza. Mwanga ukiwa mkali mno, polima hugandisha kila kitu kabla E7 haijahama. Ukiwa hafifu mno, matone hukua na kutawanya mwanga. Anza na miliwati chache kwa sentimita mraba, dakika kadhaa. Miale yote miwili iwe na nguvu sawa, na mtetemo wa mwanga wake (polaraizesheni) uwe wima kwa bapa linalobeba miale hiyo: mtetemo ukilala ndani ya bapa hilo, utofauti kati ya mistari ya mwanga na ya giza hushuka hadi kama asilimia 60. Zima feni na usiegemee meza.

Inua seli dirishani. Ukungu mwepesi wa samawati ni sawa. Weupe wa maziwa maana yake matone ni makubwa, rudia.

Pampu (yaani ipe rangi nishati) kwa mapigo ya leza ya nanosekunde, ya nanomita 532, ukiyakusanya kwa lenzi ya silinda kuwa ukanda mwembamba unaokata mistari, si unaoifuata. Ukiona mwanga mpana tu usio na kilele chembamba, kagua pembe kwanza. Kilele kikififia, DCM imechoka hapo: sogeza seli milimita 1 na upunguze mapigo kwa sekunde.