Kabla ya kuliandika jina la Kichina, uliza herufi zake

Mwaka 2019 nilikuwa nasoma Jinhua, katika jimbo la Zhejiang, na rafiki yangu wa Kichina tuliyekuwa tukifundishana lugha alijifungua binti. Kwao mtoto akitimiza mwezi hufanyiwa sherehe iitwayo manyue. Mtu wa pwani akiiona atakumbuka arobaini: mtoto anaonyeshwa kwa ndugu na majirani, chakula kinaliwa, na mayai yaliyopakwa rangi nyekundu yanagawiwa. Nikaambiwa kwa simu kwamba mtoto anaitwa Yinuo. Nilinunua blanketi, nikaandika y-i-n-u-o kwenye simu, simu ikaniletea herufi mbili za Kichina, nami nikampelekea fundi azidarizi.

Siku ya sherehe bibi wa mtoto, mama mzaa baba, alilikunjua lile blanketi akalitazama kwa muda. Hakunisema vibaya. Alinishika mkono, akakifungua kiganja changu, akachora kwa kidole mstari mmoja tu, uliolala. Herufi ya kwanza ya jina la mjukuu wake ni huo mstari: 一, yaani moja. Mimi nilikuwa nimedarizi 依, yenye maana ya kutegemea au kufuata, inayoandikwa kwa michoro minane ya kalamu. Blanketi lilikuwa la mtoto mwingine.

Tangu siku ile, mtu akiniuliza "jina fulani la Kichina lina maana gani?" huwa namuomba kwanza anionyeshe herufi. Hilo ndilo neno langu kuu kwenu mnaofanya kazi na Wachina, mnaosoma Kichina, au mnaotaka kumpa mtoto jina la huko kwa sababu mmelipenda masikioni. Tahajia ya Kilatini, ile ya kwenye pasipoti, haibebi maana. Inabeba sauti tu, tena sauti isiyo kamili, kwa kuwa toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunakobadili maana ya neno, zimeachwa. Yinuo wa 一诺 na Yinuo wa 依诺 kwenye pasipoti ni kitu kimoja. Ukisikia vizuri, wa kwanza anaanza kwa toni inayopanda, kwa sababu neno "moja" hubadilika toni linapofuatwa na neno la toni inayoshuka. Wa pili anaanza kwa toni ya juu iliyonyooka. Na wapo wengine wenye "yi" ya sanaa. Ukienda kwenye tovuti za maana za majina ukaandika Yinuo, utapewa jibu moja kana kwamba jina ni moja. Usilichukue.

Sasa nieleze hili la mstari mmoja, maana nimelipenda sana. 诺 ni ahadi. Upande wake wa kushoto ni alama ya kusema. Upande wa kulia umewekwa kwa ajili ya sauti. Kwa hiyo 一诺 ni "ahadi moja". Mgeni anaweza kuona ni jina la ajabu, lakini Mchina yeyote akilisikia humaliza mwenyewe kichwani: yinuo qianjin, ahadi moja ni dhahabu elfu. Asili yake ni habari za Ji Bu, zilizoandikwa na mwanahistoria Sima Qian zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Ji Bu alikuwa jemadari wa Xiang Yu, adui wa Liu Bang. Liu Bang aliposhinda na kuanzisha utawala wa Han, alitangaza dhahabu kwa atakayemkamata. Ji Bu akanyolewa nywele, akauzwa kama mtumwa ili afichwe, na mwishowe akasamehewa na kupewa cheo na yule yule aliyekuwa akimsaka. Watu wa Chu, nchi alikotoka, walikuwa na msemo juu yake: kupata jin mia (jin ni kipimo cha uzito) za dhahabu si bora kuliko kupata ahadi moja ya Ji Bu.

Rafiki yangu aliponieleza hayo, nilimjibu kwa maneno matatu ya kwetu: ahadi ni deni. Nikamfafanulia. Akaniomba niyaandike.

Kupendwa kwa jina hili si jambo dogo. Wizara ya Usalama wa Umma ya China, ambayo ndiyo yenye daftari la wakazi, hutoa takwimu za majina ya watoto wachanga. Kwa waliozaliwa mwaka 2020, 一诺 lilikuwa la kwanza kwa wasichana, na lile la blanketi langu, 依诺, nalo lilikuwamo kwenye kumi bora. Kwa hiyo simu yangu haikunidanganya, ilinipa tu jina jingine linalopendwa. Mimi naona wazazi wamelipenda kwa sababu limebeba maadili bila kupiga kelele. Vizazi vya nyuma majina yalitangaza waziwazi: Jianguo, "jenga taifa", ni jina la wengi waliozaliwa karibu na mwaka 1949, Jamhuri ya Watu ilipotangazwa. Ukikutana na bwana Jianguo, karibu umeshajua umri wake. Ndiyo maana umaarufu nao ni sehemu ya maana: ukimpa binti yako jina Yinuo leo, Mchina atamwona mtoto wa kizazi hiki, na pengine darasani atakuwa na wenzake wawili wa jina hilo.

Namna ya kuuliza ni rahisi, na haina aibu, kwa sababu Wachina wenyewe huulizana kila siku. Sema: "Yi ipi, nuo ipi?" Mwenye jina hatakutajia maana, atakutajia neno linalojulikana ambamo herufi hiyo imo. Atakwambia, "yinuo ya yinuo qianjin." Mpe simu akuandikie mwenyewe. Ningefanya hivyo, fundi asingepoteza uzi.

Jambo jingine wengi wetu hujikwaa nalo. Kwetu kumpa mtoto jina la babu au bibi ni heshima kubwa, na mwenye jina humwita mjukuu somo yake. China ni kinyume: jina la mzee wa ukoo haliguswi, na kulirudia kwa mtoto ni kumkosea adabu. Usimwambie rafiki yako Mchina kwamba umempa mwanao jina la baba yake ukitegemea atafurahi. Muulize kwanza. Na mtu mzima usimwite kwa jina lake la kupewa. Tumia la ukoo, ambalo huja mbele, pamoja na cheo: Wang laoshi, mwalimu Wang. Mtoto ndiye unaweza kumdekeza. Yinuo wetu nyumbani anaitwa Nuonuo.

Blanketi sikulichukua, bibi alikataa kunirudishia, akasema mtoto atalalia. Niliporudi Dar es Salaam nilizunguka Kariakoo nikitafuta kanga yenye jina "Ahadi ni deni", nikaipata ya rangi nyekundu, nikaituma Jinhua. Nilimweleza mama yake kwamba yale maandishi sisi huyaita jina la kanga. Hilo lilimfurahisha kuliko kitambaa chenyewe.

Mstari wa kwanza wa jina lake Nuonuo aliuchora mapema sana. Herufi ya pili, yenye michoro kumi, ilimsumbua. Nimetumiwa picha ya daftari lake: kila mahali upande wa kusema umeandikwa mkubwa kuliko ule mwingine.